Mashine Tatu na Kamba Moja

Sina mzio wa nyasi. Naliandika hili hapa mwanzoni kabla ujasiri haujaniishia, maana kwa miaka mingi nimeapa kwamba ninao. Niliwaambia wasichana niliolala nao bwenini chuo kikuu, nikamwambia mume niliyekuwa naye, nikawaambia hata madaktari. Mmoja wao aliniandikia vidonge, nami nikavimeza kwa uaminifu mwaka mzima, nikiutibu ugonjwa ambao sijawahi kuugua. Mahali popote nyasi zinapokatwa, mimi hufunga dirisha, hupiga chafya mbili za heshima na kuondoka. Chafya zenyewe nimezifanyia mazoezi. Watu wamenihurumia sana.

Kilichonitoa maneno haya ni duka. Nina nyumba ndogo Free Area, hapa Nakuru, na mbele yake kuna kipande cha nyasi ambacho mbuzi mmoja mwenye njaa angekimaliza kwa siku moja. Kijana mmoja wa Kaptembwo alikuwa akija na fyekeo lake, anafyeka huku mimi nimejifungia jikoni nikipiga chafya kwa sauti ili asikie. Sasa kijana amepata kazi ya kudumu na hajarudi. Majirani wameanza kuniuliza, kwa upole, kama siku hizi ninafuga nyoka. Ndiyo maana juzi nikajikuta mjini, katika duka la vifaa, mbele ya mashine tatu zilizopangwa kama wachumba: ya stima, ya petroli, na ya kusukuma kwa mkono.

"Mathe, ya stima ndiyo yako," muuzaji akasema. "Haina moshi, haina kelele. Unachomeka tu unaanza."

"Na hii?"

"Ya petroli? Hiyo ina nguvu, hata kwa nyasi ndefu kama yako."

"Umejuaje nyasi yangu ni ndefu?"

"Watu huja hapa ikishawashinda, mathe."

Nikauliza habari za ile ya tatu. Akacheka. "Hiyo ni ya mazoezi. Watu hununua wakitaka kupunguza tumbo."

Nikaugusa mpini wake, kisha nikaomba kiti. Muuzaji alidhani nimeshtushwa na bei, akaanza kupunguza kabla sijaketi. Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi? Ningeanzia kwa baba, na kwa mtu aliyekuwa akivuta kamba mbele yake.

Katika miaka ya hamsini baba yangu alikuwa mkata nyasi wa klabu ya Wazungu, upande wa juu wa mji wa Nakuru. Ukisimama katikati ya uwanja wake, mgongoni una Menengai na usoni una ziwa, ambalo wakati wa kiangazi huacha kingo nyeupe na kurusha vumbi la magadi mpaka kwenye chai ya watu. Sisi tuliishi nyuma ya klabu, katika safu ya vyumba vya wafanyakazi iliyofichwa na ua wa misonobari ili tusiwaharibie watu mandhari. Chumba kilikuja na kazi. Kazi ikiisha, chumba kimeisha, na ruhusa ya kukaa mjini imeisha, na unapanda treni na magodoro yako kurudi magharibi ulikotoka. Hakuna aliyeketi kunifundisha jambo hili. Nililijua kama nilivyojua kwamba moto unaunguza.

Uwanja ule ulikuwa mpana na bapa, na juu yake wazee wa Kizungu waliviringisha mipira mizito siku nzima wakifukuza mpira mdogo mweupe. Nyasi zake zilitakiwa kuwa fupi kama nywele za askari. Mashine iliyozikata ilikuwa ya chuma, pana, yenye visu vilivyojipinda kwa mbele na rola nzito nyuma yake, na hapakuwa na mwanaume ambaye angeisukuma peke yake asubuhi nzima. Kwa hiyo walifanya wawili. Mmoja alishika mpini na kusukuma. Mwingine alitangulia mbele na kamba ya katani begani, amejiinamisha, akivuta.

Msukumaji alikuwa baba. Mvutaji tulimwita Baba Mdogo. Hakuwa ndugu wa damu, ila walitoka vijiji vinavyotazamana, wakakutana ndani ya treni wakija kutafuta kazi, na kwa watu wa kwetu hiyo inatosha. Zamani walikuwa wakata nyasi wanne wakipokezana, lakini wale wawili wengine walikuwa Wakikuyu, na hali ya hatari ilipotangazwa walipakiwa kwenye lori asubuhi moja na kupelekwa kwenye reservu, eneo lililotengewa kabila lao, ambayo mmoja wao hakuwahi kuiona maishani. Klabu haikuajiri wengine. Wakabaki baba na Baba Mdogo.

Mvutaji hamwoni msukumaji, kwa hiyo walikuwa na lugha yao. Baba akitaka kusimama, aliachia mpini kidogo na kamba ikalegea. Walipofika ukingoni mwa uwanja, pa kugeukia, baba alikohoa. Kikohozi kimoja kikavu. Baba Mdogo akikisikia, bila kuangalia nyuma, aliikamata kamba kwa mikono yote miwili, akaihamisha kutoka bega moja hadi jingine, akageuka. Hivyo mabega yaligawana maumivu sawasawa. Nimewatazama wakifanya hivyo asubuhi nyingi nikiwa nimechuchumaa chini ya misonobari, na nyuma yao uwanja ukibaki na mistari, mmoja mweupe, mmoja wa kijani, imenyooka kama daftari jipya.

Saa ya chai walikuja kukaa mlangoni petu, na Baba Mdogo alianza mashtaka yake kwa mama.

"Shemeji, huyu mumeo ananiendesha kama ng'ombe. Na hata jina hajanipa."

"Ng'ombe angekuwa na maziwa, shemeji," mama alimjibu akimmiminia chai.

"Basi nipe maziwa hayo kwenye chai ili nianze kujifunza."

Baba alicheka kwa mabega tu, bila sauti. Sijui kama aliwahi kumaliza chai yake bila kucheka siku zile.

Mke wa Baba Mdogo alikuwa nyumbani magharibi. Baada ya mavuno angekuja kuishi naye. Barua ilikuwa imeandikwa, ruhusa imepatikana. Baba Mdogo alipata chokaa mahali akakipaka chumba chake chote, hata dari, hata kitanda kidogo. Kisha akaning'iniza pazia la maua dirishani, akaniita.

"Mama, njoo," akasema. Aliniita hivyo kwa heshima ya bibi yangu, ingawa meno yangu ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanaota upya. "Wewe ni mwanamke. Mwanamke akiingia humu, atapenda?"

Nikakagua kama mkaguzi wa shule. "Pazia umelipindua. Maua yanaangalia chini."

Akalitazama kwa muda mrefu. "Huko kwetu," akasema, "maua yenye adabu huangalia chini." Akaliacha hivyo hivyo.

Ni katika kiangazi hicho ambapo Bwana, yule Mzungu aliyesimamia klabu, aliwaita baba na Baba Mdogo kwenye baraza. Alikuwa mtu mrefu, mwenye goti bovu, si mkali. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, kisicho na viungo, lakini hukukosa kukielewa.

"Mashine hii nazeeka sana," akawaambia. "Sisi nataka mpya. Jumamosi Mhindi ya duka naleta mashine ya stima na mashine ya petroli. Sisi natazama. Lakini wazee moja-moja hapa nasema mashine ya mkono nakata safi zaidi. Basi ninyi nakuja na yenu. Iko tatu. Ile nashinda, sisi nanunua."

Baba akauliza, kama ya mkono ikishinda?

"Nanunua mpya ya mkono. Ninyi wawili nafanya kazi kama zamani."

Na kama ni ya injini?

Bwana akalikanda goti lake. "Injini nataka mtu moja tu."

Hivyo ndivyo tulivyopewa habari, na kwa kweli sijui ingetolewaje kwa upole zaidi. Mtu mmoja tu. Usiku huo chumba chetu, ambacho hakikuwa na pa kwenda kunong'ona, kilisikia kila kitu. Mama alimtaka baba aende kwa Bwana mapema, amwambie ana watoto, mmoja yuko shuleni, mwingine ananyonya. Mwenzake yuko peke yake.

"Mkewe anakuja," baba akasema.

"Hajaja."

"Amepaka chokaa."

"Mwanaume, nakuuliza habari ya watoto, unanijibu habari ya chokaa?"

Baba hakwenda kwa Bwana. Siku iliyofuata akafika Baba Mdogo na mpango.

Nautaja mpango ule nikijua unachekesha, na siku ile sote tulicheka. Nyasi iliyoloa hunata kwenye visu. Wao walijua hivyo kwa vidole vyao. Asubuhi zenye umande walisimama kila mara, wakapangusa visu, wakaendelea. Mashine ya mkono husubiri ipanguswe. Lakini injini haijui kusubiri. Itameza majani mabichi mpaka isongwe. Basi siku ya mashindano uwanja uwe umeloa chepechepe. Si wa kumwagiliwa jioni kama kawaida, maana hadi asubuhi ardhi ingekuwa imeshayanywa maji. Uloweshwe alfajiri, uonekane kama umande.

"Tuzipe nyasi chai ya asubuhi," Baba Mdogo akasema. "Wageni wakija wazikute zimeshiba."

Baba alikuna kichwa. Hakuwa mtu wa hila. "Na sisi tutakatia wapi?"

"Hapo hapo. Tunapangusa. Sisi si tuna vidole?"

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua jambo lolote kuhusu stima. Ilikuwa inakaa upande wa pili wa misonobari, katika taa za baraza. Kwetu tulikuwa na koroboi. Kwamba maji na stima havikai pamoja ni jambo ambalo leo mjukuu wa mtu yeyote analijua kabla hajajua kufunga viatu. Sisi hatukulijua. Nimesoma sana baadaye, mpaka nikapewa kofia na joho, na katika vitabu vyote hivyo hakuna sentensi ambayo ningependa zaidi kuirudisha nyuma na kuiweka mdomoni mwa mtu mmoja wetu asubuhi ile.

Jumamosi, kabla jua halijachomoza, tulimwagilia. Baba na Baba Mdogo walibeba madebe, mimi nikapewa kopo lenye matundu yaliyotobolewa kwa msumari, nikanyunyiza kingoni. Kulikuwa na baridi ile ya Nakuru ya alfajiri inayouma masikio. Nilikuwa na furaha kupita kiasi. Nilijiona nimeingizwa katika jambo la wakubwa. Baba Mdogo aliloa mabega na kifua, akawa anatetemeka na kutania kwamba mkewe akifika atamkuta ameshaota majani.

Bwana alipotoka na kukanyaga uwanja, akatazama viatu vyake.

"Umande mingi leo."

"Ndiyo, Bwana," Baba Mdogo akajibu kwa uso mtakatifu. "Mungu anaipenda klabu."

Wazee wa Kizungu waliketi barazani na vikombe vyao. Wakaanza baba na Baba Mdogo. Walikuwa wamevinoa visu kwa mchanga na mafuta, wakaipaka mashine girisi mpaka ikawa kimya. Walikata mistari mitatu, wakisimama kupangusa, baba akikohoa ukingoni, kamba ikihama bega, na nyasi zikatoka fupi na sawa hata mzee mmoja akapiga makofi. Kisha Mhindi wa duka akaiwasha ya petroli. Ilinguruma, ikatoa moshi, ikaenda hatua chache ikaanza kuteleza, ikameza majani, ikakohoa, ikazimika. Akaisafisha, akaiwasha tena, ikazimika tena. Barazani wakacheka. Baba hakucheka, lakini niliona mabega yake yakitikisika. Baba Mdogo alinitafuta kwa macho kule chini ya misonobari, akanifinyia jicho moja. Nimelibeba jicho hilo mpaka leo.

Ikaja zamu ya stima. Waya wake ulitoka ndani ya klabu kupitia dirisha la baraza, nao haukutosha. Mhindi alikuwa na mwingine, akaunganisha nyaya hizo mbili na kuzifunga kwa utepe mweusi. Akaiwasha. Haikufanya kelele; ilivuma tu kama nyuki. Majani mabichi hayakuizuia. Ilikwenda. Niliona uso wa baba ukianza kubadilika.

Shida ilikuwa waya. Uliburutika nyasini na kutaka kuingia kwenye visu. Mhindi akasimama, akauliza, "Nani nashika waya?"

Hakuwa amemaliza kuuliza. Baba Mdogo alikuwa ameshaingia uwanjani, pekupeku, ameuokota waya na kuuweka begani. Akatangulia mbele. Akajiinamisha kabisa, kama anavuta chuma. Miaka yote hiyo, mashine ikitembea, pahali pake palikuwa mbele yake na kitu begani. Mwili wake haukuuliza kama kitu hicho ni kamba. Barazani walicheka sana. Mzee mmoja alipiga kelele jambo lililowafanya wengine wacheke zaidi. Hata yeye alikuwa anacheka, akiinama zaidi ili kuwafurahisha.

Wakafika ukingoni. Mhindi alisimama, hajui ageukie wapi. Na baba, aliyekuwa amesimama kando na mikono mitupu, akakohoa.

Hakukusudia. Hilo aliliapa kwa mama baadaye kama mtu aliyeshtakiwa, ingawa hakuna aliyemshtaki. Mashine imefika ukingoni, koo likafanya kazi yake. Na Baba Mdogo, kwa kusikia kikohozi kile, akaukamata waya kwa mikono yote miwili ili auhamishe bega. Mikono ikafungia pale kwenye kiungo cha utepe mweusi, utepe uliokuwa umeburutwa katika maji yetu.

Hakupiga kelele. Alisimama wima kama aliyeitwa jina. Mikono ikakataa kufunguka. Watu wakaendelea kucheka kidogo, wakidhani bado anaigiza, na ni Bwana, na goti lake bovu, aliyeruka kutoka kitini na kuuchomoa waya dirishani. Baba Mdogo akaanguka kwenye nyasi zilizoloa. Nikasikia harufu ya majani yaliyokatwa, na chini ya harufu hiyo, harufu nyingine.

Hii ndiyo chafya yangu.

Alikuwa hai. Alizungumza hata kabla hawajampakia kwenye gari la Bwana. Alimwangalia baba, akasema kwa sauti ndogo, "Kamba hii ina meno." Wakampeleka hospitali, ile ya Waafrika.

Tulimtembelea. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji nene, imelazwa juu ya blanketi kama vitu vya mtu mwingine. Mama alimlisha uji kwa kijiko. Alimshtaki baba kwa mama, kama kawaida: sasa shemeji, ng'ombe wako analishwa mdomoni. Mama akaendelea kukoroga uji ambao ulikuwa umekwisha. Tulipokuwa tunaondoka aliniita kitandani.

"Mama. Ile pazia, igeuze. Maua yaangalie juu. Isije ikawa ndiyo iliyoleta mkosi."

Nikaligeuza siku hiyo hiyo. Ilinibidi nipande juu ya kitanda. Chumba kilikuwa kinanuka chokaa bado.

Wazee wa klabu walikaa wakaamua. Stima hawakutaka kuisikia tena. Ya petroli, Mhindi aliwaeleza, ilishindwa kwa sababu ya umande tu, na umande kama ule haukuwa wa kawaida. Nyasi zikiwa kavu ingefanya kazi ya watu wanne. Wakanunua ya petroli. Ingefika kwa treni kutoka Nairobi, mpya. Mashine ya mkono ilikuwa imewapendeza, Bwana alimwambia baba, lakini sasa haina watu. Hivyo mpango wetu ulifanikiwa kuiondoa ile moja ambayo tusingeweza kushindana nayo, ukatuachia ile nyingine.

Lilibaki swali la mtu mmoja. Bwana alisema hatachagua mpaka hospitali itoe habari. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alisema, na baba akatuletea maneno hayo nyumbani bila kuyapunguza, kwamba yule mvutaji ni kijana zaidi, na mashine ya injini inataka kijana. Akipona vizuri, labda yeye. Asipopona, wewe.

Kwa hiyo nadhani mnaelewa hali ya chumba chetu siku zile. Kila jioni mama alipiga magoti na sisi pamoja naye, akamwombea Baba Mdogo. Alianza vizuri. Alimwomba Mungu amguse, amrudishie nguvu. Kisha sauti ikawa inapungua kuelekea mwisho, na Amina ikamtoka kama mtu anayefunga mlango polepole ili asisikike. Kuomba apone kulikuwa kuomba tuondoke. Nami nilikuwa na akili ya kutosha kuliona hilo na sikuwa na akili ya kutosha kulikimbia. Nilibana macho nikaacha mahali pa maneno yangu pawe wazi, nikidhani Mungu atapajaza mwenyewe. Sijui alijaza nini.

Uwanja haukungoja. Nyasi zinaota hata watu wakiwa hospitali. Baba alijaribu kusukuma mashine ya zamani peke yake na ikamkataa katikati. Asubuhi moja, kabla Wazungu hawajaamka, mama alimfunga mtoto mgongoni mwangu, akapita misonobari, akaiokota ile kamba ya katani. Baba akamwambia aiache. Hakuiacha. Aliiweka begani, juu ya kanga, akajiinamisha mbele. Hawakuwa wanazungumza vizuri tangu usiku wa chokaa, na hawakuzungumza sasa. Walikata uwanja mzima. Walipofika ukingoni mama alisimama, akingoja aambiwe, na baba naye akangoja, hakukohoa. Ikabidi mama ageuke kumtazama usoni ndipo ajue. Kila ukingo wakawa wanatazamana namna hiyo. Mistari ya siku hiyo haikunyooka.

Baba hakukohoa tena mbele yetu, hata alipougua mapafu uzeeni. Aliinuka akaenda nje.

Mashine mpya ilifika ndani ya sanduku la mbao, imefungwa nyasi kavu ili isikwaruzwe. Bwana alimwita baba barazani amwonyeshe jinsi ya kuiwasha, kwa sababu hata kama baba si yule atakayebaki, mtu fulani alipaswa kuukata uwanja wiki hiyo. Nilikuwa nimekuja kumletea baba chakula na sikuambiwa niondoke. Ilikuwa nyekundu. Ilikuwa nzuri, sitadanganya, nzuri kama gari. Bwana alimwonyesha pa kutilia petroli, akamwonyesha kamba fupi ya kuvuta ili injini iamke. Baba akaishika kamba hiyo, akaitazama. Kamba ya mtu mmoja.

Simu ikalia ndani, kwenye ukuta wa ukumbi.

Bwana akaenda akichechemea. Dirisha lilikuwa wazi, lile lile lililopitishiwa waya. Nilikuwa nimeanza Kiingereza shuleni na nilikuwa najivuna nacho sana, kwa hiyo nilisikiliza kwa bidii, lakini Bwana hakusema mengi. Ndiyo. Ndiyo. Naelewa. Pole sana, akasema, na sikujua anampa nani pole. Kisha neno moja ambalo nililijua kwa sababu lilikuwa kwenye picha ya mwili wa mtu ukutani darasani. Mkono.

Akatoka. Alisimama mlangoni, ameshika fremu.

"Hospitali," akasema. "Yeye hapana kufa. Lakini mkono yake nakatwa asubuhi hii. Yeye narudi nyumbani. Kazi yake nakwisha." Akaitazama ile mashine nyekundu badala ya kumtazama baba. "Wewe nabaki."

Baba alikuwa bado ameshika kile kipande cha kamba. Nilitaka aseme jambo. Nilitaka aseme asante, Mungu anisamehe, maana nilikuwa nimejifunza shuleni kwamba ukipewa kitu unasema asante.

"Mkono gani, Bwana?" baba akauliza.

Bwana akageuka kutazama ndani, kule simu iliporudishwa mahali pake ukutani, kana kwamba ingeweza kumjibu kutoka pale.

"Mimi hapana uliza," akasema.